Hezi 50

Jarida la kwanza la muziki wa kompyuta nililowahi kumiliki halikuwa na jalada. Nililinunua mwaka 2006 kwa mzee mmoja aliyekuwa akipanga vitabu vya mitumba juu ya turubai kando ya Mtaa wa Samora, Posta. Kulikuwa na vitabu vya sheria vilivyoonjwa na mchwa, riwaya za mapenzi za Kiingereza, hesabu za kidato cha nne, na katikati yake hizo karatasi za kung'aa zenye picha za vinanda na mashine zenye taa. Mzee aliona ninavyolishika, akajua nimekwisha. Elfu mbili. Nikamwomba apunguze kwa kuwa halina jalada.

"Mwanangu, kwani jalada ndilo utakalolisoma?"

Nikatoa elfu mbili, nikarudi Magomeni nimesimama kwenye daladala, jarida nimelibana kwapani kama kuku.

Wakati huo nilikuwa na studio, kama chumba cha uani kwa mama mkubwa kinaweza kuitwa studio. Kompyuta moja ya mezani iliyokwisha kuzeekea ofisini kwa watu kabla ya kufika kwangu, spika mbili za redio ya nyumbani, maiki moja, na programu ya Fruity Loops tuliyokuwa tukirithishana kwenye CD za kuchoma. Programu hiyo inatoka kampuni ya Image-Line ya Ubelgiji, na tangu 2003 jina lake rasmi ni FL Studio, lakini mpaka leo ukiingia studio za uswahilini utasikia watu wanasema Fruity. Hakuna aliyetufundisha. Ulikuwa unakaa nyuma ya prodyuza aliyekutangulia, unafuatisha anavyotembeza kipanya, na akiona unafuatisha sana anakutuma soda.

Majarida tuliyoyajua yalikuwa Sani, kwa ajili ya katuni, na magazeti ya udaku yaliyotueleza msanii gani kaachana na nani. Muziki wenyewe, namna unavyotengenezwa, ulikuwa haumo. Sikuwahi kufikiri kwamba kuna nchi ambako mtu analipwa mshahara aandike kurasa sita kuhusu mahali pa kuweka maiki mbele ya ngoma moja. Nilisoma kurasa hizo sita mara nne na sina ngoma.

Sasa, kazi zilizokuwa zinanilipia umeme hazikuwa za Bongo Fleva. Zilikuwa za kwaya. Kwaya inakuja kwa wakati, inalipa nusu kabla, inaleta chakula chake, na haivuti sigara chumbani. Tatizo la kwaya lilikuwa gitaa la besi. Kila nilipolichomeka kwenye kompyuta lilikuja na mvumo wake, sauti nzito isiyokatika, ipo kabla mpigaji hajagusa waya na ipo baada ya kumaliza. Katika lile jarida kulikuwa na makala ya kurasa mbili kuhusu jambo hilohilo. Neno alilotumia mwandishi kamusi yangu ndogo ilisema ni sauti kama ya nyuki. Nikajua tumeelewana.

Alieleza kwamba umeme wa ukutani hauendi mfululizo kama maji ya bomba. Unakwenda na kurudi mara 60 kwa sekunde, na kwenda na kurudi huko kunapenya kwenye waya za gitaa na kusikika kama noti ya chini. Dawa yake: fungua ikwalaiza, ile sehemu ya kupunguza au kuongeza sauti za kasi fulani, tafuta 60, chimba shimo jembamba, yaani punguza hapo tu. Kisha chimba mengine kwenye 120, 180 na 240, kwa sababu mvumo una watoto wake.

Nikachimba. Mvumo ukabaki palepale. Nikadhani sikuchimba vya kutosha, nikaongeza kina. Ukabaki. Nikapanua mashimo. Ulikuwa usiku wa mgao, maana mwaka ule mabwawa yalikauka na Tanesco ilikuwa inatupangia saa za kuwa na umeme, na ukipewa saa zako huzitumii kulala. Saa kumi alfajiri nikajishawishi kwamba mvumo umepungua, nikachoma CD, nikalala.

Mwalimu wa kwaya alikuja Jumamosi. Mtu wa makamo, mkimya, shati limechomekewa. Wimbo ulikuwa kwenye E, na wao walikuwa wakisoma kwa do-re-mi, kwa hiyo kwao E ndiyo do na B ndiyo so. Akasikiliza ubeti wa kwanza macho yamefumba. Akaniomba nirudishe. Akasikiliza tena, akafumbua macho.

"Kijana, so yangu umeipeleka wapi?"

Sikumwelewa. Akaniimbia mstari wa besi kwa mdomo, kisha akanionyesha kwa kidole kila mahali ambapo gitaa lilitakiwa kutua na halikutua. Ilikuwa kama mtu anayeshuka ngazi gizani na kila mara ngazi ileile haipo. B ya chini kwenye gitaa la besi inatetema karibu mara 62 kwa sekunde, na ya juu yake karibu mara 123. Mashimo yangu ya 60 na 120 yalikuwa yameimeza noti yake muhimu na kuuacha mvumo umekaa kando unatutazama. Nikamwambia nitarekebisha. Nilikuwa sijui nitarekebisha nini.

Jibu nililipata kwenye pasi. Ilikuwa Jumapili, mama mkubwa ananiharakisha, nikaigeuza pasi kuifuta kutu isinichafulie shati, na pale kwenye kibati chake nikasoma: 220–240V, 50Hz, hezi 50, yaani mara 50 kwa sekunde. Pasi hiyo nilikuwa nayo tangu sekondari. Nilikaa kitandani na shati mkononi. Nikaenda kugeuza feni: 50. Redio: 50. Nikalifungua jarida kwenye kurasa za matangazo, na kwa mara ya kwanza nikaona kile nilichokuwa nakitazama wiki nzima, kwamba kila bei mle ndani ni ya dola na kila anwani ni ya Marekani. Umeme wao unakwenda mara 60. Wetu unakwenda mara 50, sawa na wa Uingereza. Mwandishi hakukosea hata herufi moja. Alikuwa anamwandikia mtu aliyekaa chumba kingine.

Nikafuta mashimo yote, nikachimba mapya kwenye 50, 100 na 150. Mvumo ukazama, so ya mwalimu ikarudi. Pembeni ya ile makala nikaandika kwa kalamu ya bluu: *Hapa kwetu 50*. Wiki chache baadaye fundi umeme aliyekuja kwa mama mkubwa kwa kazi nyingine akasikia nikiringia ujuzi huo, akacheka, akaniambia nichomeke kompyuta na amplifaya kwenye soketi moja yenye waya wa ethi. Nikafanya hivyo. Mvumo ukapungua mpaka sikuhitaji kuchimba chochote. Hilo nalo lilikuwamo kwenye makala, aya ya mwisho, ambayo sikuifikia kwa sababu nilishaanza kuchimba.

Baada ya pasi nikaanza kutafuta majarida ya Waingereza kwa makusudi, na sababu ilikuwa umeme tu. Ndivyo nilivyokutana na Sound on Sound. Hilo lilianza mwaka 1985, ofisi zake ziko eneo la Cambridge, na kwa wanaojua studio ni kama msahafu, ingawa ni msahafu wenye matangazo mengi. Nilichokipenda kuliko vyote ni safu iliyoitwa Studio SOS. Wazee wawili wa jarida, Paul White na Hugh Robjohns, wanapanda gari, wanakwenda nyumbani kwa msomaji ambaye studio yake inamsumbua, wanakunywa chai yake, wanakula biskuti zake za chokoleti, na kabla ya kuondoka wamemrekebishia chumba. Biskuti zinatajwa kwenye makala kwa uzito uleule wa maikrofoni. Kwa mara ya kwanza niliona studio za hao Wazungu zilivyo: chumba cha kulala, kitanda kimesukumwa ukutani, nguo kwenye kiti. Nikajiona nimo.

Dawa yao kubwa kwa sauti ya mwimbaji ilikuwa kutundika nyuma yake kitu ambacho nilishindwa kukijua. Nikampelekea jirani yetu, mwalimu mstaafu kutoka Unguja. Akashusha miwani. "Huu ni mfarishi, mwanangu. Wanalalia huko kwenye baridi." Ukitundika mfarishi nyuma na ubavuni mwa mwimbaji, sauti yake haigongi ukuta na kurudi kwenye maiki, kwa hiyo chumba hakisikiki. Sisi mfarishi hatuna; tukatundika mablanketi mawili mazito na godoro la sponji.

Ikafanya kazi. Sauti ikawa kavu na karibu, kama mtu anakunong'oneza. Lakini jarida halikusema kwamba ukishamzungushia mtu mablanketi mawili na godoro, mwezi wa pili, Magomeni, kwenye chumba cha bati, na feni imezimwa kwa sababu feni nayo inaingia kwenye maiki, una dakika saba. Nilizipima. Dakika ya nane mwimbaji anaanza kukosea maneno ya wimbo aliouandika mwenyewe. Dada mmoja wa taarabu alitoka mle ndani wanja umemfika kidevuni, akaniambia, "Mdogo wangu, ungeniambia tunakuja kuchemshwa ningekuja na limau."

Tukajifunza ratiba yetu: sauti zinarekodiwa baada ya saa sita usiku, bajaji zimepungua na bati limepoa. Chukua mara mbili, fungua mlango, washa feni, kunywa maji, rudi. Albamu tunazisukuma miezi ya kipupwe. Mvua ikianza kugonga bati tunazima kila kitu na kula mihogo.

Majarida mengine yalikuja na diski. Computer Music, la kampuni ya Future ya mjini Bath, lilianza 1998 na sifa yake kubwa ilikuwa diski ya jaladani yenye sampuli za sauti na programu ndogo za bure. Nasema sifa kwa kuwa niliisoma; diski zenyewe karibu zote zilikuwa zimeshabanduliwa kabla ya mtumba kupanda meli. Unanunua jarida, unakuta duara la gundi na ahadi ya vitu vilivyomo. Nilipata diski moja nzima katika miaka yote, nikaichomea nakala kwa marafiki wawili, nao wakawachomea wao. Kwa karibu mwaka mzima, kuanzia Magomeni hadi Manzese, kila wimbo ulikuwa na kofi lilelile kwenye mdundo wa pili na wa nne. Nilikuwa nalisikia kwenye daladala nikitabasamu peke yangu.

Mwaka 2014 tukaamua kuchapa la kwetu.

Tulikuwa watatu: mimi, kijana mmoja aliyekuwa anaandika mashairi ya kuchana, na dada mmoja mchoraji wa Kinondoni aliyekuwa anatengeneza kava za CD na mabango ya matamasha kwa kompyuta. Yeye alijifunza rangi na herufi kwenye majarida ya Computer Arts yaliyotupwa na ofisi moja ya matangazo. Nia yetu ilikuwa jarida la Kiswahili la watu wanaotengeneza, wa sauti na wa picha pamoja, kwa sababu kwetu ni watu walewale: anayekufanyia biti asubuhi ndiye jioni anayekukatia picha yako na kuiweka mbele ya gari lisilo lako.

Kazi ya kwanza ikawa maneno. Tulikaa usiku mzima kwenye neno moja, kompresa, yaani kile kinachobana sauti inapozidi. Kila mtu studio anasema kompresa. Lakini mpe mwanafunzi wa veta asome "kompresa ikiwa na moto mwingi inakata pumzi ya wimbo" atakwenda kufungua friji. Tuliandika "kompresa ya sauti" mara ya kwanza kisha tukaiacha iende yenyewe. Mwangwi ulitugawa. Kuna ule unaorudi kama nakala, unapiga kelele bondeni na bonde linakujibu; na kuna ule unaokuzunguka tu, kama kuimba bafuni. Waingereza wana maneno mawili, studio zetu zinasema "dilei" na "rivabu", na kijana wetu mshairi akakataa kabisa kuandika rivabu. Tukaishia na mwangwi wa bondeni na mwangwi wa bafuni. Mpaka leo kuna watu wawili watatu mjini wanaosema "ongeza bafuni kidogo" na hawajui neno lilitoka wapi. Mimi najua, na ni moja ya vitu vichache ninavyojivunia.

Kazi ya pili ikawa mtambo. Tulipeleka kurasa 30 kwa mchapaji Kariakoo. Akazihesabu kwa kidole gumba, akaturudishia. Kitabu cha kubana pini katikati kinakwenda kwa nne nne: karatasi moja ikikunjwa inazaa kurasa nne, kwa hiyo ni 28 au 32, chagueni. Tulichagua 32, na zile kurasa mbili za ziada tukazijaza kwa haraka, papo hapo kwenye ngazi za jengo lake. Moja ikawa matangazo ya marafiki. Nyingine ikawa orodha ya bei: maiki, kadi za sauti, spika, bei ya dukani na bei ya mtumba, na jinsi ya kuitambua maiki feki kwa uzito wake na kwa herufi zilizochapwa pembeni. Niliiandika kwa dakika arobaini, kutoka kichwani, nikiwa na njaa.

Kisha rangi. Dada alikuwa ameliandalia jalada picha ya msichana amevaa hedifoni, nyuma yake anga ya zambarau inayowaka na mistari ya bluu kama taa za baa. Kwenye skrini ilikuwa inakata macho. Nakala za kwanza zilipotoka mtamboni, anga ilikuwa rangi ya bilinganya lililolala sokoni siku tatu. Dada aliishika nakala, akaipeleka dirishani, akairudisha, hakusema kitu. Mimi ndiye niliyeanza kumlaumu mchapaji. Alinisikiliza mpaka mwisho, akafuta mikono kwa kitambaa.

"Bosi, mimi nachapa wino. Sichapi taa."

Akatufafanulia, na alikuwa na haki ya kutukemea zaidi. Skrini inachanganya mwanga: nyekundu, kijani na bluu, na ukizidisha unapata weupe. Mtambo unachanganya wino wa samawati, majenta, njano na mweusi, na ukizidisha unapata matope. Kuna rangi ambazo mwanga unazo na wino hauna kabisa, na zambarau na bluu zenye kuwaka ndizo za kwanza kufa. Faili lilitakiwa kubadilishwa kwenda rangi za wino nyumbani, dada azione zikififia mbele yake na atafute nyingine zinazostahimili, siyo mtambo uamue. Picha za ndani nazo tulikuwa tumetumiana kwa WhatsApp, ambayo inaikamua picha ili ipite kwenye simu. Kwenye karatasi, uso wa msanii wetu mkuu ulitoka kama sakafu ya vigae. Tulichapa nakala 300, maana fedha ilishalipwa.

Tuliuza kwa mkono, studio kwa studio, shilingi elfu tatu. Makala yangu ya kurasa nne kuhusu kompresa sidhani kama ilisomwa na zaidi ya watu kumi, na wawili kati yao walinipigia kuuliza mambo yaliyokuwamo. Lile shairi la kijana wetu lilisifiwa na mama yake. Lakini ule ukurasa wa bei, ulioandikwa ngazini kwa njaa, ulichanwa na kubandikwa kwenye kuta za studio nilizozihesabu mwenyewe: kumi na moja. Studio moja ya Tandika waliurekebisha kwa kalamu kila bei ilipobadilika. Nilisimama mbele yake nikaona nyongeza za mtu nisiyemjua, duka hili wamehama, hii sasa 85,000, hii msinunue. Jarida lilikuwa limeendelea kuandikwa bila sisi.

Tukatoa toleo la pili, fedha zikaisha, hakukuwa na la tatu. Sina cha kuongeza hapo.

Miaka michache baadaye mambo yakageuka. Mwaka 2017 lebo ya Nyege Nyege Tapes ya Kampala ilitoa mkusanyiko wa singeli, ule muziki wetu wa kasi wa uswahilini, kutoka studio ya Sisso, Mburahati, na ghafla majarida ya Ulaya, aina ileile niliyokuwa naokota Samora, yakawa yanaandika kuhusu sisi. Mwandishi wa jarida moja alinipata kupitia rafiki, nikamzungusha kwa vijana siku mbili. Makala ilipotoka nilitumiwa. Maelezo yake ya namna singeli inavyokupiga kifuani usiku kwenye kigodoro, vumbi limesimama hewani na MC hapumui, ni mazuri kuliko nitakavyoweza mimi. Hilo nampa. Lakini picha kubwa ilikuwa ya waya zilizoviringana chini ya meza, na maneno chini yake yanasema juu ya uchakavu. Zile waya zilikuwa nzima. Ziliviringana kwa sababu kijana alikuwa amehamisha meza asubuhi ili mgeni apate pa kukaa.

Na hakuandika chochote ambacho kijana wa Durban au wa Lima angeweza kukitumia. Biti inakwenda kwa kasi gani, imejengwa kwa programu ipi, kipande cha kinanda cha taarabu kinakimbizwaje mpaka kikawa mdundo, MC na DJ wanagawanaje malipo ya usiku. Nilimwambia yote hayo. Alikuwa anaandika, nilimwona.

Nilikasirika siku mbili, kisha nikakumbuka kwamba mimi mwenyewe niliwahi kuiharibu singeli kwa kutumia jarida. Kijana mmoja aliniletea wimbo niumiksi. Makala nyingi za kompresa zimeandikwa kwa ajili ya muziki wa mwendo wa mapigo 120 kwa dakika au jirani yake. Gawa 60,000 kwa mwendo wa wimbo, unapata urefu wa pigo moja kwa milisekunde: kwenye 120 ni 500. Kompresa inabana pigo likija, inaachia kabla ya pigo linalofuata, na majarida yanakupa namba za kuachia zinazotosha humo. Singeli ile ilikuwa kwenye 240. Pigo ni milisekunde 250. Kwa namba nilizozikariri, kompresa ilikuwa haijamaliza kuachia pigo la kwanza, la pili limefika, la tatu limefika. Wimbo mzima ulikaa umebanwa kama mtu aliyefungwa mkanda wa mtoto. Kijana alisikiliza sekunde kumi, akatoa hedifoni. "Kaka Mkubwa, umeuua." Alikuwa na miaka kumi na saba. Alirudi nao kwenye kompyuta yake na kuumaliza kwa sikio.

Majarida hayo mengi sasa hayapo. Keyboard la Wamarekani, lililoanza 1975, lilifungwa kama jarida la kujitegemea 2017. Computer Arts lilifungwa 2020. Computer Music na kaka yake Future Music yalifungwa 2024. Sound on Sound bado lipo. Ya kwangu yako kwenye sanduku la bati juu ya kabati, na kila masika nayatoa kuyaanika, kwa sababu karatasi ya kung'aa ikipata unyevu wa Dar inashikana ukurasa kwa ukurasa na ukiivuta inaondoka na maneno.

Mwezi uliopita nilikuwa nimeyaanika uani, mawe juu yake upepo usiyachukue, akaja kijana wa jirani. Anarekodi kwa simu, anamiksi kwa simu, kava anatengeneza kwa simu. Akanipa hedifoni nisikilize gitaa la rafiki yake. Nikacheka kabla sijasikiliza vizuri, maana ile sauti naijua kuliko ya mdogo wangu. Sikumweleza. Nilitafuta lile lisilo na jalada, nikafungua ile makala, nikampa.

Alisoma mistari miwili ya Kiingereza, akaiacha. Kidole chake kikaenda pembeni, kwenye kalamu ya bluu iliyofifia. Akapiga picha maneno yangu matatu, makala yenyewe akaikata nje ya fremu, akaanza kuhangaika na simu yake palepale amesimama juani. Baada ya dakika moja akainua kichwa.

"Sasa kaka, na umeme ukikatika tukawasha jenereta, inakuwa ngapi?"

Nikamwambia hiyo haina namba moja. Kijenereta kidogo ukikiongezea mzigo mwendo wake unashuka, ukikipunguzia unapanda, na mvumo unakwenda nacho. Inabidi ukae usikilize, uutafute ulipo.

"Basi andika na hiyo," akaniambia, akanipa kalamu.